Motokaa ya Kimarekani: Kuifufua au Kuigeuza

Leo tunavuka bahari mpaka Marekani, tukaone kazi ya mafundi wanaochukua motokaa za miaka ya 1950, zilizolala bandani miaka mingi, wakazitia uhai tena. Huenda mmoja wenu ananong'ona, "Kwa nini wasinunue gari jipya?" Gari jipya wanalo, ndilo la kwendea kazini. Hili la zamani hulipenda kwa sura yake na kwa kumbukumbu zake, kama mtu anavyoitunza saa ya marehemu babu yake ingawa inachelewa kidogo.

Mfano wetu wa kwanza utakuwa Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957. Ni gari refu na pana, lenye kromu nyingi, na nyuma madigadi yake yameinuka kama mapezi ya papa. Bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya chasisi ya chuma, kwa hiyo fundi anaweza kuinyanyua bodi nzima na kuiweka kando.

Maneno mawili mtayasikia mara nyingi leo. La kwanza ni kufufua. Fundi anayefufua anataka motokaa iwe kama ilivyotoka kiwandani: rangi ileile, viti vya kitambaa kilekile, hata vichwa vya skrubu viwe vya aina ya zamani. Neno la pili ni kugeuza. Fundi anayegeuza husema, "Kiwanda kimefanya kazi yake, sasa zamu yangu." Hulishusha gari karibu na ardhi, hung'oa vishikio vya milango, hata hukata paa. Watu wa njia hizi mbili wakikutana hubishana kama wapenzi wa timu mbili za mpira. Lakini kazi ya miezi ya kwanza ni moja kwao wote, nayo haina sifa. Ni kulala chali chini ya gari na kukwaruza kutu.

Tuanze na kutu, basi. Katika majimbo ya kaskazini, kama Michigan na Ohio, barabara hufunikwa na barafu wakati wa baridi, na watu wa barabara humwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Ninyi mnaokaa pwani mnajua chumvi inavyoyatenda mabati ya nyumba. Maji yale ya chumvi hurushwa na magurudumu, yakaingia katika kila pembe ya gari, yakakaa humo kimya. Lakini katika jimbo kavu kama Arizona, gari laweza kukaa uwanjani miaka 40 na chuma chake kikawa kizima, ingawa jua limekula viti na mipira. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza gari lilikaa wapi, kisha ndipo huuliza bei.

Akishauliza, hatosheki na maneno. Muuzaji anaweza kuziba tundu kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi, ukajiona humo kama kwenye kioo. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa laini isikwaruze rangi. Ipitishe polepole chini ya milango, kuzunguka madigadi, na juu ya taa za mbele, maana Chevrolet hizi hupenda kuoza hapo. Penye bati sumaku itashika. Penye puti nene itaanguka. Kisha inua zulia utazame sakafu. Nimesikia habari za magari ambayo dereva angeweza kuona barabara ikipita kati ya miguu yake.

Bati lililooza halipakwi rangi. Hukatwa mpaka penye chuma kizima, na kipande kipya huchomelewa mahali pake. Angalieni jambo moja: kabla ya kukata sakafu, fundi huchomelea kwanza vyuma vya muda ndani ya gari, kutoka nguzo hata nguzo. Asipofanya hivyo bodi itapinda kwa uzito wake yenyewe, na siku atakapomaliza milango haitafunga. Chevrolet za 1955 mpaka 1957 zina bahati hapa, kwa sababu zinapendwa sana hata viwanda vya leo vinatengeneza upya mabati yake: sakafu, madigadi, hata bodi nzima. Basi je, gari lililobadilishwa bati moja baada ya jingine bado ni lilelile? Mwulizeni mwenye jahazi aliyebadilisha mbao zake kwa miaka 30, bado analiita kwa jina lake la kwanza. Lakini sheria ya Marekani haina mchezo juu ya kibati cha namba ya gari. Kukibandua ili kuficha gari lilikotoka ni kosa la jinai.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana tunafika mahali ambapo watu hufa.

Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo hupita katika paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu. Katika gari la mwaka 1957 magurudumu yote manne yanategemea chumba kimoja tu cha mafuta. Paipu moja likipasuka, mafuta yote hukimbilia penye tundu, mguu hushuka mpaka sakafuni, na hakuna hata gurudumu moja linaloshika. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Gari likilala miaka 20, unyevu huo hula paipu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi mzuri hajaribu hata kulisukuma gari nje kabla hajabadilisha paipu zote, mipira yote na silinda zote za breki.

Tangu mwanzo wa mwaka 1968 sheria ya Marekani imetaka magari mapya yawe na breki zilizogawanywa sehemu mbili, ili sehemu moja ikiharibika nyingine ibaki. Masta silinda ya namna hiyo yaweza kufungwa katika Chevrolet ya zamani, na haionekani mpaka ufungue boneti. Wapo wafufuaji wanaokataa kuifunga kwa kuwa kiwanda hakikuiweka. Mimi nasema wachague jambo jingine la kushikilia. Vilevile mikanda ya usalama: ifungwe, na ifungwe kwenye chuma kizima.

Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani, inayogharimiwa na makampuni ya bima ili kuchunguza ajali za barabarani, iligonganisha magari mawili makusudi. Moja lilikuwa Chevrolet Bel Air ya 1959, jingine Chevrolet Malibu ya 2009. Kila moja lilikwenda maili 40 kwa saa, na ndani yake waliketi wanasesere wenye vipimo badala ya watu. Wazee wengi walitazamia gari la zamani lishinde, kwa sababu ya uzito wa vyuma vyake. Lakini chumba cha dereva wake kilibomoka na usukani ukasukumwa kumwelekea. Wachunguzi wakasema kwamba angekuwa mtu, angekufa. Dereva wa gari jipya angetoka na maumivu madogo ya mguu. Chuma kizito si kitu kilekile na usalama. Katika magari yale ya zamani mhimili wa usukani ni nondo moja iliyonyooka, na ncha yake inatazama kifua cha dereva.

Tena, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, kisha litikise kabla hujalala.

Juu ya injini sitasema mengi. Kila mtu huikimbilia kwanza, kumbe mara nyingi ndiyo rahisi kuliko yote. Chevrolet walianza kuweka injini yao ndogo ya silinda nane katika magari ya mwaka 1955, na kwa kuwa ukoo wake uliendelea kwa miaka mingi, vipuri vyake havina shida Marekani. Kosa kubwa ni kutia betri na kuwasha siku ileile. Ondoa plagi, tia mafuta kidogo katika kila silinda, ngoja, kisha izungushe kwa mkono. Na petroli ya zamani iliyobaki katika tangi imwagwe yote. Imekwisha kuwa kama gundi.

Tuje kwa wageuzaji. Waliosifika sana walikuwa ndugu wawili, George na Sam Barris, waliokuwa na gereji katika mji wa Lynwood, California. Gari walilojipatia sifa kwalo ni Mercury ya mwaka 1949 mpaka 1951, gari nene la mviringo. Walikata nguzo za paa, wakatoa inchi kadhaa, wakaliteremsha paa. Mtu akisikia hudhani ni kazi ya msumeno tu. Lakini paa la gari hupungua upana kadiri linavyopanda, kama chungu kinavyobana kwenda mdomoni. Ukilishusha, nguzo za chini hazikutani tena na za juu. Lazima paa litanuliwe au nguzo zilazwe, na kioo cha mbele nacho kikatwe bila kupasuka.

Siku zile maungio yalizibwa kwa risasi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema yale madini mazito yenyewe, yaliyochanganywa na bati jeupe. Fundi huipasha bodi moto mpaka mchanganyiko huo uwe laini kama samli iliyoanza kuganda, kisha huutandaza kwa kipande cha mti kilichopakwa nta ya nyuki. Ukipoa huukata kwa tupa. Magari hayo yalibeba risasi nyingi hata Wamarekani wakayatania kuwa ni sleji za risasi. Sleji ni chombo kisicho na magurudumu, huburutwa juu ya theluji. Kazi hii ni nzuri kuitazama, na ni sumu. Vumbi na moshi wa risasi huingia mwilini, na humdhuru mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Wanaoifanya leo huvaa barakoa ya kufaa, hukata kwa tupa badala ya kupiga msasa, na hawarudi nyumbani na nguo za kazi.

Gari moja la akina Barris, Mercury ya 1951 iitwayo Hirohata Merc, lina hadithi ya ajabu. Liligeuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, likapata sifa magazetini, kisha fasheni ikapita. Mwaka 1959 kijana mmoja alilinunua kwa dola 500. Akalitunza miaka mingi, na baadaye kazi kubwa ikafanywa kulirudisha lilivyokuwa. Lilivyokuwa wapi? Siyo kiwandani, bali katika gereji ya akina Barris! Waliligeuza, kisha ugeuzi wenyewe ukafufuliwa. Mwaka 2022 liliuzwa kwa mnada kwa karibu dola milioni mbili.

Lakini msidhani kila paa lililokatwa huleta mali. Mengi zaidi yalikatwa na watu wasiojua, yakaishia chakavu. Mimi ningempa mgeuzaji gari ambalo limekwisha kuoza au kukatwa na mwingine, na lile lililobaki zima ningeliacha na paa lake.

Basi, mabibi na mabwana, zimeni redio mjadiliane. Mtu amerithi Chevrolet ya 1957, nzima, isiyo na kutu, breki zake za zamani bado zinashika. Fedha alizonazo zatosha kazi moja tu: rangi mpya na kromu, au breki mpya na mikanda. Mtoto wake wa kwanza anaolewa mwezi ujao, na gari ndilo litakalombeba bibi arusi. Mtamshauri nini, na mtamwelezaje?