Safari ya Nkanka kwenda kutazama gari

Mwezi uliopita wengi mlituuliza njiani na pale bombani: "Walimu, gari iko wapi?" Mlituona tukiondoka alfajiri, watu watano, na mkatuona tukirudi usiku kwa basi, mikono mitupu. Leo tunawaeleza yote, maana pesa zile si zetu peke yetu.

Mnajua kwamba familia sita za kambi yetu zimekuwa zikiweka pesa pamoja karibu miaka mitatu, na kijana wa mama mmoja aliye Marekani akaongeza. Shabaha ni kupata gari ndogo ya kubeba sambaza na mboga kutoka ziwani mpaka masoko ya huku juu. Mnajua pia ile habari ya pikipiki ya mwaka juzi. Ilinunuliwa jioni, chini ya taa ya duka, na siku ya tisa ikazima barabarani, haikuwaka tena. Mtoto wa familia ile alikosa muhula mzima wa shule ya bweni. Ndiyo maana safari hii wazee walisema: mwende na fundi, na mwende na walimu wasome makaratasi. Sisi walimu wawili hatujui mambo ya moteri, tusidanganyane. Tunajua kusoma tu. Kumbe kusoma nako kulikuwa nusu ya kazi.

Gari yenyewe ni Toyota Corolla ya kijani, na mwenyewe anakaa Nkanka, wilaya ya Rusizi, pale ambapo unaona ziwa Kivu, kisiwa cha Nkombo, na ng'ambo milima ya Kongo. Tulishuka basi Kamembe tukachukua pikipiki. Tulipofika tulinyamaza kidogo tukitazama ng'ambo ile. Mnaelewa kwa nini.

Mwenye gari alitupokea vizuri. Akamwambia mama yetu: "Karibu mama. Gari iko muzima kabisa, hata asubuhi hii nimeiwasha." Fundi akaweka mkono juu ya boneti, akautoa haraka. Ilikuwa imepata moto. Na sisi kwa simu tulikuwa tumemwomba asiiwashe! Fundi hakugomba, alisema tu kwamba tutangoja ipoe. Tukangoja zaidi ya saa mbili chini ya migomba, na mke wa mwenye gari akatuletea chai. Tunamshukuru, yeye hakuwa na kosa lolote.

Fundi alitueleza sababu. Moteri iliyochoka huficha ugonjwa wake ikiwa na moto. Ikiwa baridi, ndipo inakohoa na kutoa moshi, na moshi una lugha yake. Moshi wa buluu ni oili inayoungua ndani. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe wa asubuhi si kitu, ni mvuke, lakini ukiendelea wakati moteri imeshapata moto, na maji ya rediyeta yanapungua bila kuvuja chini, hapo usinunue. Na kifuniko cha rediyeta kifunguliwe gari ikiwa imepoa tu, la sivyo maji yatakuchoma uso. Gari ya kijani ilitoa moshi wa buluu kidogo, ukaisha. Fundi akasema kwa umri wake hiyo inavumilika.

Wakati wa kungoja hatukukaa bure. Tulikuwa na sumaku ya darasa la sayansi, ile tuliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Tukaifunga kwa kitambaa isikwaruze rangi, tukaipitisha kwenye milango na matopeni. Penye bati sumaku inashika. Penye unga wa kuzibia mashimo inateleza na kuanguka. Iliteleza mahali pawili, chini ya mlango wa nyuma na karibu na taa ya kushoto. Mwenye gari akasema iligongwa na ng'ombe. Sawa, inawezekana.

Tairi pia zinasomwa. Ubavuni, karibu na herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka. Ukiona 2309, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi mbili za gari ile zilikuwa nyeusi zinang'aa kama viatu vya Jumapili, lakini tarakimu zilisema zina zaidi ya miaka kumi. Zilipakwa dawa tu.

Jambo kubwa lilitokea tulipofungua boneti. Namba ya shasi ilikuwa imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya moteri na viti. Mwalimu mwenzetu akaisoma kwa sauti ili ilinganishwe na kadi ya njano: AE100, kistari, halafu tarakimu saba. Namba ikalingana na kadi, tukafurahi. Fundi peke yake hakufurahi. Akauliza: "Usukani wa hii gari uko upande gani?" Uko kushoto, tukajibu, kama kawaida ya hapa. Akasema: "Basi haikuzaliwa hivyo."

Akatufundisha. Magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani wenyewe yana namba fupi ya namna hiyo, na Japani wanapita kushoto kama Tanzania, Uganda na Kenya, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Yale yaliyotengenezwa kwa Ulaya yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna kamwe herufi I, O wala Q. (Hiyo ikumbukwe: ukikuta O kwenye namba ya 17, mtu ameichezea au ameinakili vibaya.) Rwanda, Burundi na Kongo tunapita kulia. Bukavu ng'ambo pale zimejaa gari za usukani wa kulia zilizopitia Dar es Salaam, lakini Rwanda mwaka 2005 ilizuia kuingiza gari za namna hiyo. Ndipo wengine wakaona wahamishe usukani.

Tukaanza kutafuta, na kila tulipotafuta tulipata. Waipa zilisafisha vizuri kioo cha upande wa abiria, na mbele ya dereva zikaacha pembe chafu. Chini ya dashibodi upande wa kulia kulikuwa na tundu lililozibwa kwa bati na gundi. Pedali ya breki ilishikwa kwa welding ya mkono, mbaya, kama ya kutengeneza kitanda. Na taa za mbele, fundi akasema, zimetengenezwa kumulika ukingo wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usiku zinampiga machoni anayekuja mbele yako. Fikirini sasa barabara zetu hizi za kona na miteremko, na gari imejaa sambaza na akina mama, breki zikitegemea welding ile.

Mwenye gari aliapa kwamba yeye aliinunua hivyo hivyo. Sisi tulimwamini, maana jina lililoandikwa kwenye kadi halikuwa lake. Aliinunua kwa karatasi ya mkono, hakwenda kamwe mamlaka ya kodi, RRA, kubadilisha jina la mwenye gari. Kwa hiyo hata angetuuzia, tungekuwa na gari ya mtu tusiyemjua.

Hapo tukagawanyika, tusifiche. Alikuwa anataka milioni 3 na laki 5, akashuka mpaka milioni 2 na laki 8, akasema saa nane anakuja mtu mwingine na pesa mkononi. Mama mmoja wetu alilia. Alisema tumekula nauli, tumengoja miaka mitatu, pedali si inaweza kuchomelewa upya? Papa mwingine akataka tuache angalau arabuni ya laki 2. Fundi alisema yeye hataipanda ikiwa na mzigo. Tukapiga simu kambini, wazee wakajibu: rudini. Arabuni hatukuacha. Hadi tunaondoka saa tisa na nusu, yule mtu wa saa nane alikuwa hajafika.

Nauli na malipo ya fundi vilitoka kwenye mfuko, na hesabu yake imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya shule. Mwenye swali aje Jumamosi. Kuna gari nyingine Kamembe ambayo tumeambiwa habari zake, na safari hii tumeomba kwanza tutumiwe picha ya kadi na ya namba ya shasi kwa simu, kabla mtu hajalipa basi. Picha ya kadi imefika. Ya shasi bado tunaingoja.