Mwani wa pwani na mlango wa virusi: mwenye mtaji ahesabu nini?

MWANI unaovunwa Mlingotini, wilayani Bagamoyo, na kwingineko katika pwani hadi Tanga na Zanzibar, hununuliwa kwa sababu ya kitu kimoja kilichomo ndani yake. Kitu hicho ni karaginani, ute unaotumika viwandani kufanya vyakula, dawa ya meno na vipodozi viwe vizito. Ute huo huo umeonekana katika maabara ukizuia virusi vya UKIMWI visiingie katika chembe za mwili.

Habari ya namna hii ikifika sokoni bila maelezo yake, matumaini hupanda haraka kuliko bei, na mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia kwanza. Ni vyema basi mfanyabiashara akajua kuzuia huko kunafanyika vipi, nani amefaulu, na kwa gharama gani.

VIRUSI VINAINGIAJE

Kirusi hakiwezi kuzaana chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya chembe nyeupe ya damu, ambayo ni miongoni mwa askari wa mwili, na huingia kwa hatua tatu. Kwanza, miiba iliyo juu ya gamba lake hunasa kishikizo kiitwacho CD4 kilichoko nje ya chembe. Pili, mwiba hubadili umbo na kushika kishikizo kingine, mara nyingi kile kiitwacho CCR5. Tatu, sehemu ya ndani ya mwiba huchomoka, huchoma ukuta wa chembe na kuuvuta mpaka kuta mbili zinaungana. Hapo mzigo wa kirusi hushushwa ndani.

Mzigo huo ukishaunganishwa na urithi wa chembe, hakuna dawa iliyoko sokoni inayoweza kuuondoa. Ndiyo maana watafiti wamehangaika sana na mlango.

DAWA ZA MLANGONI

Kila hatua imepatiwa dawa yake. Enfuvirtide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1903 + 100, yaani 2003, huzuia kuta zisiungane. Maraviroc ya mwaka 2007 huziba CCR5. Ibalizumab ya mwaka 2018 ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, nayo hukaa juu ya CD4. Fostemsavir ya mwaka 2020 humezwa, na hufunika mwiba wa kirusi wenyewe.

Kisayansi zote zinafanya kazi. Kibiashara mambo ni tofauti. Enfuvirtide huchomwa sindano mara mbili kwa siku, na ilipoingia sokoni iligharimu kiasi cha dola 20,000 kwa mwaka. Maraviroc hudai kipimo maalumu kwanza, kwani virusi vingine hupitia kishikizo tofauti na CCR5. Ibalizumab hutiwa katika mshipa kila baada ya wiki mbili, na bei yake ya kuanzia Marekani ilikaribia dola 118,000 kwa mwaka.

Linganisha na kidonge cha TLD, kinachomezwa mara moja kwa siku na ambacho hupambana na kirusi kikishakuwa ndani ya chembe. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kukinunua kwa chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kwa tofauti hiyo ya bei, dawa nyingi za mlangoni zimebaki kuwa akiba ya wagonjwa ambao virusi vyao vimezoea dawa nyingine.

KINGAMWILI

Mwili nao hutengeneza kingamwili za kushika miiba, lakini kirusi hubadili sura yake haraka na kuziacha nyuma. Watu wachache hupata kingamwili zinazotambua virusi vya sura nyingi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mbili za namna hiyo, PG9 na PG16, zimepatikana katika damu ya mtu mmoja kutoka Afrika.

Kingamwili nyingine, VRC01, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,600 katika mabara kadhaa, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo. Walitiwa dawa katika mshipa kila baada ya wiki nane. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kwa jumla haikupunguza maambukizo. Hata hivyo, dhidi ya virusi vilivyokuwa dhaifu mbele yake, kinga ilifikia asilimia 75. Funzo ni kwamba kufuli moja halitoshi, na sasa watafiti wanachanganya kingamwili kadhaa.

MWANI NA JELI

Karaginani hubeba chaji hasi, na mwiba wa kirusi una sehemu zenye chaji chanya. Vikikutana hunasana, na mwiba hukosa nafasi ya kushika chembe. Kwa msingi huo ilitengenezwa jeli ya Carraguard, ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake 6,202. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha maambukizo 134 kwa waliopewa jeli hiyo na 151 kwa waliopewa jeli isiyo na dawa, tofauti ndogo mno kuthibitisha kinga. Wengi pia hawakuitumia kila mara.

Jeli ya PRO 2000, iliyotengenezwa kwa kemikali lakini inayofanya kazi kwa njia inayofanana, ilijaribiwa kwa wanawake 9,385 katika nchi nne. Miongoni mwao walikuwamo wa Mwanza wanaofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na vibanda vya chakula. Desemba 2009 ilitangazwa kwamba haikuzuia maambukizo.

HESABU YA MWENYE MTAJI

Bagamoyo yenyewe inajua urefu wa safari hii. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko mjini humo kilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwaka 2021, na hiyo ni bidhaa iliyofaulu.

Kwa hiyo anayeletewa hisa au shehena kwa jina la mwani wa UKIMWI aulize maswali manne. Bidhaa imejaribiwa kwa binadamu, au katika chupa tu? Ni watu wangapi? Imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Na kama hisa zinauzwa kwa umma, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana imeidhinisha waraka wake? Jibu la hapana kwa swali lolote latosha kufunga mkoba. Na anayetumia ARV asiziache kwa ajili ya unga wa mwani.

Kwa mkulima, faida iko pale pale ilipokuwa. Wanunuzi hulipa zaidi kwa kotonii kuliko spinosamu, ingawa kotonii hufa upesi maji ya bahari yakipata joto. Mwani uliokauka vizuri, usio na mchanga, ndio unaopata soko. Bei yake inapangwa na viwanda vya chakula, wala si maabara za virusi.