Mama, Keti Kwanza

Mpendwa mama msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu jiulize: leo umeketi mara ngapi? Sisemi kuketi ukichambua mchele, wala kuketi ukimnyonyesha mtoto huku ukihesabu fedha za marejesho ya kikundi. Nasema kuketi tu, mikono mitupu, moyo ukiwa mbele za Mungu.

Wengi wetu tutajibu kwamba hatujaketi. Tunaamka kabla ya watu wote na kulala baada ya watu wote. Hata tukifika kitandani, mwili unalala lakini mawazo yanatembea: sare ya mtoto, kodi ya nyumba, kikohozi cha bibi kule kijijini, baba watoto aliyekuwa kimya wakati wa chakula. Kisha juu ya mizigo hiyo tunajitwika mwingine. Tunajiambia, "Mimi ni Mkristo wa namna gani, ninayehangaika hivi?"

Kwa mama anayejiuliza hivyo, nina neno moja. Si kila wasiwasi ni upungufu wa imani. Mara nyingi ni mwili uliochoka, na Mungu wetu anajua namna ya kumhudumia mtu aliyechoka.

Kiti cha kliniki

Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba presha haipimwi kwa haraka. Mtu aketi kimya kwa muda wa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amebanwa na haja ndogo, asiwe ametoka kunywa kahawa, na asizungumze wakati anapimwa. Bila hayo, kipimo kinaweza kudanganya.

Nimeona akina mama ambao dakika hizo 5 kwao ni adhabu. Mmoja aliniambia, "Sista, nipime tu upesi, nimeacha sufuria jikoni kwa jirani." Nilimwomba aketi. Hata kabla sijamfunga kipimo, machozi yalikuwa yanamtoka. Nilipomuuliza, alisema hakuna aliyemkosea. Ila tangu wiki ianze hakuwa ameketi mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita.

Mungu ameuwekea mwili wetu kengele ya hatari. Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huenda haraka, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula. Hayo yote ni mema, kwa maana yanakuwezesha kukimbia. Shida ni kwamba kengele hiyo hiyo hulia mama anapowaza deni. Nyoka hupita, lakini deni hulala nalo na kuamka nalo. Kengele isipozimwa ndipo huja kichwa kuuma, shingo kukaza, tumbo kuvurugika, usingizi kukatika saa 9 usiku, na ukali kwa watoto wasio na kosa.

Mungu alianza na usingizi

Fungua Biblia yako katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka kuona ushindi mkubwa juu ya Mlima Karmeli. Mara akapata vitisho vya Yezebeli, akakimbia kuokoa maisha yake. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondoe duniani.

Tungetazamia Mungu amkemee: imani ya Karmeli imekwenda wapi? Lakini hakumkemea. Eliya alilala, malaika akamgusa, na alipofumbua macho akaona mkate ulioiva juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu. Ni baada ya hapo tu ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na huko Mungu akamuuliza habari zake na kusema naye kwa utulivu.

Muuguzi akiusoma utaratibu huo hawezi kuupita hivi hivi. Usingizi, chakula, maji, usingizi tena, ndipo mazungumzo. Na katika mazungumzo hayo Eliya akaambiwa kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani: walikuwako watu 7,000 waliomcha Mungu, na Elisha alikuwa tayari kumsaidia kazi.

Basi mama, unapokula chakula chako ukiwa umeketi, na unapolala mapema, usidhani umemwibia Mungu muda. Yeye ndiye aliyemwagiza malaika kupika.

Fungu la leo

Katika Kutoka sura ya 16, wana wa Israeli waliokota mana ya kuwatosha kwa siku moja, pishi moja kwa kila mtu. Waliojaribu kuiweka hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote maradufu na kuweka akiba ya siku ya mapumziko, na hiyo haikuharibika.

Kwa hiyo kuweka akiba si dhambi, na kupanga si ukosefu wa imani. Tofauti ni kwamba kupanga kuna mwisho na wasiwasi hauna. Ukiketi na daftari, ukaandika kinachohitajika na kinachopatikana, kisha ukalifunga, umepanga. Ukiyarudia mambo hayo hayo saa 9 usiku, bila kalamu wala fedha mkononi, hiyo ni mana ya kesho iliyookotwa leo. Haishibishi mtu.

Tuanzie wapi?

Usijaribu yote kwa siku moja, usije ukajiongezea kazi nyingine. Chagua moja kwa wiki hii.

1. Dakika 5 za kiti. Asubuhi kabla hujashika simu, keti kama unayepimwa presha. Vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu zaidi ukihesabu hadi 6. Rudia mara kadhaa, kisha mwambie Bwana jambo moja linalokutisha, ulitaje kwa jina lake.

2. Daftari la jioni. Gawa ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andika yaliyo yangu kufanya kesho, upande wa pili yaliyo ya Bwana. Ada ya mtihani iko upande wako. Moyo wa mume uko upande wa Bwana.

3. Usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kahawa na chai ya rangi zisinywewe jioni, na simu ilale mbali na mto wako.

4. Gawa kazi. Yethro alipomwona Musa akiamua mashauri peke yake tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia wazi kwamba atajichosha, yeye na watu wake. Watoto wa kiume nao wanaweza kuosha vyombo. Na baba watoto akiwa ametulia, mwombe jambo moja tu lililo wazi, badala ya kumlalamikia mambo kumi.

5. Jumapili. Katika huduma za akina mama kanisani, kuna dada zetu ambao kila ibada huwakuta jikoni wakipikia wageni. Wekeni zamu, ili kila Martha apate Jumapili yake ya kuketi miguuni pa Bwana.

Imani na dawa

Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote. Ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, sikiliza ushauri wa daktari. Ukiandikiwa vidonge, usiviache kwa sababu unajisikia vizuri au kwa sababu umeombewa. Kama Bwana amekuponya, nenda kapimwe. Kipimo kitashuhudia, na daktari ndiye atakayekuambia upunguze au uache. Wapo walioacha wenyewe na kuletwa kwetu wamepooza upande mmoja. Kumeza dawa kwa shukrani nako ni kumtumaini Mungu.

Vilevile, ikiwa huzuni au wasiwasi umekunyima usingizi, chakula au nguvu ya kazi kwa muda wa wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo. Mama aliyejifungua karibuni asione haya. Hali hiyo huwapata wengi nayo hutibika. Na kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa, au ya kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Mwambie mtu leo, akusindikize hospitali leo. Eliya naye alisema anataka kufa, na Mungu hakumwaibisha.

Dada yangu, kazi za nyumbani haziishi. Zilikuwapo kabla yetu na zitabaki baada yetu. Tusingoje ziishe ndipo tupumzike. Tuombe pamoja:

Bwana, wewe husinzii, basi mimi naweza kulala. Nipe fungu la leo, unifundishe kuliridhia. Ya kesho nakuachia, pamoja na watoto wangu, baba yao na deni letu. Amina.