Kabla ya Kununua Kisanduku cha "Kupunguza Stima"



Vikundi vingi vyetu hapa Migori na Homa Bay vina ofisi ndogo: kompyuta moja au mbili, printa, na mita ya tokeni ukutani. Tokeni zikiisha upesi, watu huanza kulaumiana. Hapo ndipo mchuuzi hutokea na kisanduku cha kuchomeka kwenye soketi, akisema kitarekebisha "pawa fakta" na kupunguza gharama kwa nusu. Nasi tuliwahi kukinunua kwa pesa za mchango. Tokeni ziliendelea kuisha vilevile. Tunaeleza ili pesa zenu zisiende njia hiyo.

Pawa fakta ni nini?

Fikirieni ndoo ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Chini ni maziwa, juu ni povu. Povu halishibishi mtu, lakini linajaza ndoo. Stima nayo ni hivyo. Kuna inayofanya kazi, nayo hupimwa kwa wati. Kuna pia mkondo wa ziada unaopita kwenye nyaya bila kufanya kazi. Vyote pamoja hupimwa kwa VA. Ukigawanya wati kwa VA unapata pawa fakta. Kwa mfano, kompyuta ya zamani ya wati 120 yenye pawa fakta 0.6 huvuta VA 200.

Sasa sikilizeni vizuri: mita ya ofisi ndogo huhesabu maziwa, haihesabu povu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi. Wateja wakubwa, kama viwanda, ndio Kenya Power huwatoza nyongeza pawa fakta yao ikishuka chini ya 0.9. Hao wakifunga kapasita wanafaidika. Kisanduku cha mchuuzi nacho huwa na kapasita ndogo, lakini hata kikipunguza povu, maziwa mnayolipia ni yale yale.

Mahali inapowahusu

Pawa fakta itawahusu mkinunua jenereta, inveta au UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea. Vifaa hivi huuzwa kwa VA. UPS ya VA 650 mara nyingi haibebi zaidi ya wati 390, na nyingine hata hizo hazifikishi. Kompyuta tatu kama ile ya mfano wetu zinakaribia kuijaza. Kwa hiyo someni namba zote mbili, VA na wati, kabla ya kulipa. Printa ya leza msiichomeke kwenye UPS kabisa, maana ikipasha joto huvuta mamia ya wati kwa ghafla.

Njia za kupunguza tokeni kweli

1. Kompyuta ya mezani ya wati 120 pamoja na skrini, ikifanya kazi saa 8 kwa siku 22, hula yuniti 21 hivi kwa mwezi. Laptop ya wati 40 hula yuniti 7. Mkibadilisha kompyuta, anzeni hapo.

2. Skrini nene ya zamani, ile yenye kisogo, hula stima kuliko skrini bapa. Msikubali hata mkipewa bure.

3. Mkienda kula, zimeni skrini. Picha zinazocheza juu yake haziokoi kitu.

4. Jioni zimeni swichi ya ukutani. Printa na chaja huendelea kuonja stima usiku kucha.

5. Katibu aandike yuniti zilizobaki, asubuhi na jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mchuuzi akija tena, msibishane naye. Mwombeni aache kisanduku wiki moja bila malipo. Andikeni yuniti za wiki hiyo, kisha za wiki nyingine bila kisanduku, kazi ikiwa ile ile. Daftari litasema lenyewe mbele ya wanachama wote.