Siha ya Mtu Amalizaye Huduma Ugenini

Kijana aliyejitolea kufundisha, kuuguza au kuchimba visima katika nchi ya mbali, akaishi huko miaka miwili na zaidi, huhesabu mwisho wa huduma yake kwa tarehe iliyoandikwa katika mkataba: siku hiyo hukabidhi funguo za nyumba, huagana na majirani, hupanda ndege, na kesho yake huamkia kwao. Mwili wake, walakini, una hesabu nyingine. Damu, ini na mishipa yake huweza kuendelea kuhifadhi maradhi ya nchi aliyoihama kwa wiki, kwa miezi, na pengine kwa miaka, bila ya ishara yoyote ya nje. Na kwa kuwa tabibu wa kwao aghalabu hajapata kuyaona maradhi hayo ila vitabuni, ni laiki kwa kila anayerejea kujua ni yapi yawezayo kumfuata, na kwa nini huchelewa kujidhihirisha.

Mfano mashuhuri ulitokea Malawi, kando ya ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa. Peace Corps, shirika la Marekani lililoundwa mwaka 1961 na ambalo vijana wake kwa kawaida hutumikia miezi 27 pamoja na mafunzo, lilikuwa na watu wake huko, na Cape Maclear, penye maji maangavu, palikuwa mahali pao pa kuogelea, kwa kuwa zama zile ziwa lile lilidhaniwa kuwa salama. Mwaka 1992 wawili miongoni mwao walipatwa na maradhi ya mfumo wa fahamu, na uchunguzi ukabainisha kwamba asili yake ilikuwa kichocho. Baadaye watafiti walipopima damu za wageni waliokuwa Malawi, walikuta alama za maambukizi kwa karibu mmoja katika kila watatu.

Namna kichocho kinavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini maradhi huchelewa kujidhihirisha. Kimelea hutoka ndani ya konokono wa maji baridi, huogelea kikitafuta ngozi ya binadamu, na kikiisha kuipata huipenya kwa muda wa dakika chache. Kisha husafiri katika damu, hukua, na wiki kadhaa baadaye dume na jike hukaa pamoja katika mishipa midogo ya kibofu au ya matumbo, ambamo huweza kuishi miaka 3 hadi 10, na pengine zaidi. Madhara makubwa hayaletwi na minyoo wenyewe, bali na mayai yao, ambayo yakikwama katika nyama za mwili huzusha uvimbe, na yakibahatika kufika katika uti wa mgongo huweza kumpoozesha mtu miguu. Dawa yake, prazikwanteli, ni njema na ni rahisi, lakini huwaua minyoo waliokomaa na kuwaacha wachanga. Kwa sababu hiyo mtu aliyeoga ziwani juzi, akameza dawa asubuhi ya safari, amejipa faraja isiyo na dhamana; imempasa kungoja miezi miwili hivi tangu alipogusa maji yale mara ya mwisho, ndipo apimwe na kutibiwa.

Malaria nayo ina ratiba yake. Vimelea vyake huanzia katika ini kabla ya kuingia katika damu, na dawa za kinga hazifanani katika jambo hili: meflokwini na doksisaiklini huvikabili vikiwa katika damu, na ndiyo maana humezwa wiki 4 nzima baada ya kuondoka penye mbu, hali atovakwoni iliyochanganywa na proguanili, ambayo huvishambulia hata ndani ya ini, huhitaji siku 7 tu. Jamii mbili za vimelea, vivaksi na ovale, zina hila ya ziada, kwani baadhi yake hulala katika ini kwa miezi mingi, kisha huamka na kuleta homa wakati ambapo mgonjwa ameshasahau chandarua. Waliokaa muda mrefu palipo na jamii hizi huweza kupewa primakwini kwa siku 14 ili kuviangamiza vilivyolala. Lakini sharti kwanza wapimwe kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa aliyepungukiwa nacho kwa urithi huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kumponya.

Kifua kikuu kilichofichika hupimwa kwa ngozi au kwa damu, na kipimo hicho pia hakiaminiki mpaka zipite wiki 8 hadi 10 tangu mtu alipokaribiana na mgonjwa mara ya mwisho.

Fauka ya mwili, iko nafsi. Kalervo Oberg, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, alieleza mwaka 1960 mfadhaiko umpatao mgeni katika nchi asiyoijua. Na mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn walionyesha kwamba mfadhaiko wa namna hiyo hurudi mara ya pili pale msafiri anaporejea kwao, akakuta rafiki zake wameendelea na maisha bila yeye na kazi aliyoizoea haipo. Usingizi hupotea, hamu ya chakula hupungua, uchovu humshika. Hapa ndipo penye hatari ya kweli: uchovu wa huzuni na uchovu wa kimelea huvaa sura moja, na anayekata shauri kwa kukisia huweza kumtibia mwenye minyoo kwa nasaha, au kumlaza hospitali mwenye upweke.

Hesabu hii ya mwili huwahusu vijana wetu vilevile, walakini kwa kinyume chake. Mwenyeji wa Kigoma au Kisumu aliyekulia penye malaria hupata kinga ya kadiri kwa kuumwa na mbu mara kwa mara. Akienda kujitolea miaka miwili katika nchi isiyo na malaria, kinga hiyo hupungua, naye hurejea nyumbani karibu sawa na mgeni. Huko Uingereza wengi wa wanaougua malaria ya kutoka nje ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuzuru jamaa zao. Mrejeaji wa namna hii alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, asitegemee afya ya utoto wake.

Na arejeaye kutoka penye malaria, akipata homa katika mwaka wa kwanza, aende akapimwe damu siku hiyo hiyo, amweleze tabibu kabla ya kuulizwa: nchi alizokaa, tarehe alizoondoka, dawa alizomeza na siku alizoziacha, maziwa na mito aliyooga. Maelezo hayo hayagharimu kitu, na bila ya hayo maabara haijui itafute nini.