Kalenda Moja, Simu Nyingi

Wiki za kuelekea tarehe 14 Februari, mtaa wa Karagita, Naivasha, haupumui. Mashamba ya maua ya huko huongeza zamu, na ratiba za kuvuna na kupakia hubadilika kila mara. Ndipo utamsikia msimamizi akilalamika: kwenye kompyuta ya ofisi lori linaondoka saa kumi, kwenye simu yake bado ni saa kumi na mbili.

Mara nyingi chanzo ni kwamba kalenda ilinakiliwa, haikuunganishwa. Mtu alitoa faili akaituma kwa WhatsApp, kila mmoja akaifungua kwake. Tangu hapo kila simu ina kalenda yake isiyojua habari za nyingine.

Kuunganisha maana yake nakala ya kweli inakaa kwenye seva, na kila kifaa kinaiuliza seva kipatapo mtandao. Kanuni za mazungumzo hayo ziko wazi kwa watengenezaji wote: CalDAV ya kalenda ilichapishwa 2007, CardDAV ya anwani 2011. Ndiyo sababu programu ya Thunderbird kwenye kompyuta na simu ya iPhone zinaweza kusoma seva moja ya Nextcloud. Kwenye Android, ongeza programu kama DAVx5.

Kila miadi ina kitambulisho kisichobadilika hata saa ikibadilishwa, na kila toleo lake hupewa alama na seva. Tuseme msimamizi amebadilisha saa ya lori akiwa ndani ya grinihausi bila mtandao, na karani naye ameibadilisha ofisini. Simu ikirudi mtandaoni hutuma badiliko pamoja na alama ya zamani. Seva ikiona alama hiyo imepitwa na wakati, hukataa kwa jibu namba 412. Programu nzuri humwonyesha mtu matoleo yote mawili achague. Inayofuta moja kimyakimya, achana nayo.

Tuseme pia kuna mkutano wa kila Jumatatu na mnunuzi wa Uholanzi: uandikwe kwa saa za Amsterdam. Saa nne asubuhi yao ni saa sita mchana kwetu wakati wa baridi, lakini ni saa tano kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, maana wao husogeza saa mbele, sisi hatusogezi.

Kwenye daftari la anwani la pamoja, namba za simu za Kenya zianze na +254. Wengi wapewe ruhusa ya kusoma tu: ukifuta namba humo, umewafutia wote. Namba za wafanyakazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo, na iondolewe pia kwenye simu yake, kwa kuwa namba zilizokwisha kushuka humo hubaki.