Shati Lililochakaa Lina Kitambaa Kiasi Gani?

Tunaposema shati limechakaa, mara nyingi kilichochakaa ni sehemu chache tu: kola inayosuguana na shingo, ncha za mikono, viwiko, na kwapa ambamo jasho hudhoofisha uzi na kupausha rangi. Mgongo na kifua kwa chini hubaki vizima. Suruali huisha makalioni, mapajani kwa ndani na magotini. Shuka la kitanda huisha katikati, mwili unapolala, huku kingo zake zikiwa karibu mpya. Kwa hiyo, kabla ya kuamua atashona nini kwa nguo kuukuu, anayeanza kushona inafaa ajue kitambaa kizima kimebaki wapi, na kina ukubwa gani.

Kupima ni rahisi. Nguo iliyofuliwa huinuliwa mbele ya dirisha: palipochakaa hupitisha mwanga mwingi kuliko pengine. Kisha kitambaa hushikwa kwa vidole gumba viwili na kuvutwa. Kikichanika hapo, hakuna mshono utakaokiokoa, kwa sababu mshono hushikilia nyuzi zilizopo na hauongezi nyuzi mpya.

Kitambaa cha shati kimefumwa kwa nyuzi za pande mbili. Mtande ni nyuzi zilizotangulia kutandwa kwa urefu kwenye mtambo. Mshindio ni nyuzi zilizopitishwa kwa kukingama, juu na chini ya mtande. Kitambaa kikivutwa kwa upande wa mtande hakitanuki sana; kwa upande wa mshindio hulegea kidogo; kikivutwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, hunyumbuka kabisa. Anayekata mraba bila kufuata nyuzi hupata foronya inayopinda baada ya kufuliwa, ingawa vipimo vyake vilikuwa sahihi mezani.

Fulana ni habari nyingine. Haina mtande wala mshindio. Imefumwa kwa vitanzi vinavyoshikana, kama sweta. Sindano kali inaweza kukata kitanzi na kuacha tundu litakaloendelea kufumuka, na mshono ulionyooka hukatika fulana ikitanuka. Inahitaji sindano ya ncha butu na mshono wa kwenda upande huku na huku. Anayeanza aiweke kando, au aifanye tambara.

Sasa tuziangalie kazi zenyewe. Wengi huanza na kiraka wakidhani ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kiraka kina masharti yake. La kwanza ni kuvuka eneo lililodhoofika hadi kwenye kitambaa kizima, sentimita 2 hivi kila upande. Kikiishia kwenye kitambaa dhaifu, tundu jipya litatokea pembeni mwake. La pili linajulikana na kila msomaji wa Injili ya Mathayo: kitambaa kipya hakishonwi kwenye vazi kuukuu. Sababu ni ya kawaida kabisa. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, yaani hupungua ukubwa, ilhali nguo kuukuu ilikwisha kurudi zamani. Kiraka kikipungua huvuta nyuzi dhaifu zinazokizunguka. Hii ndiyo faida ya kutumia nguo kuukuu kama mali ghafi, na haitajwi sana: kurudi kwake kumekwisha, na rangi iliyokuwa ya kuchuja imekwisha kuchuja.

Kupunguza nguo, kwa mfano kumkatia mtoto shati la baba yake, huonekana kazi nyepesi kwa kuwa shati tayari lipo. Ugumu uko begani. Ukingo wa juu wa mkono umebinuka kwa nje, tundu la kwapa limebonyea kwa ndani, na vyote viwili lazima vikutane bila mkunjo. Hata fundi mwenye cherehani ya miaka mingi hupunguza mwendo anapofika hapo.

Foronya ya mto mdogo haina ugumu huo. Mishono yake ni minne, yote imenyooka. Hata mlango wake, sehemu inayomshinda anayeanza, umekwisha kushonwa na kiwanda: vifungo na matundu yake viko kifuani mwa shati. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, shati lililopigwa pasi hugeuzwa ndani nje, hufungwa vifungo na kulazwa mezani, vifungo vikiwa katikati. Kifua na mgongo hubanwa pamoja kwa pini, kisha huchorwa na kukatwa mraba wa sentimita 43, ili kila upande ubaki na sentimita 1.5 nje ya mshono. Mfuko, ukiwapo, hufumuliwa mapema, na mtu asishangae akikuta alama yenye rangi iliyokoza chini yake. Jua halikufika hapo. Mstari wa mshono usipite juu ya kifungo, maana sindano itavunjika. Hushonwa pande zote nne, ncha za pembe hukatwa mshazari ili zisijikusanye, vifungo hufunguliwa na foronya hugeuzwa.

Asiye na cherehani atumie mkono. Kila hatua ya sindano irudi nyuma nusu kabla ya kusonga mbele. Hivyo uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki.

Shuka ni kazi ya pili kwa ubora. Hukatwa katikati kwa urefu, kingo zake nzima za pande mbili huunganishwa ziwe katikati, na sehemu iliyochakaa huhamia pembeni, ambako hukunjwa na kupindwa. Mshono wa kuunganisha ni mmoja tu ulionyooka, lakini mrefu, kwa hiyo hupima uvumilivu kuliko ujuzi.

Kwa hoja hizi, naona anayeanza aanze na foronya, afuatie shuka, kisha kiraka, na kupunguza nguo kuje mwisho. Mpango huu unakwenda kinyume na mazoea ya nyumbani, ambako sindano hutafutwa siku goti la suruali linapopasuka. Kola iliyosagika upande mmoja ni vizuri kuipeleka kwa fundi wa mtaani. Ataifumua, ataigeuza upande mzima uje juu na kuirudisha mahali pake, na shati litavaliwa tena muda mrefu kabla halijawa foronya.